TAIRI LIPI LIKUFAALO? GARI LA NYIKA LINALOISHI KWENYE LAMI

Katika gazeti hili la chama chetu wenzangu wamekwisha kuandika, tena vizuri, juu ya nidhamu, methali na umuhimu wa kusoma kwa bidii. Mimi nimeonelea niandike juu ya kitu kinachobeba roho zetu kila tusafiripo, na ambacho hakuna anayekitupia jicho mpaka kipasuke. Kitu hicho ni tairi. Hasa nitazungumzia matairi ya yale magari makubwa yavutayo kwa magurudumu yote manne: Land Rover, Land Cruiser, Prado, Pajero na ndugu zao.

Najua kuna atakayeuliza, "Mwanafunzi wa kidato cha tatu na matairi, wapi na wapi?" Swali zuri. Huku kwetu kaskazini, kuanzia Isiolo kupanda mpaka Marsabit, gari kama hilo si pambo la tajiri. Ni duka, ni lori dogo, na usiku wa manane ni ambulensi. Mjomba wangu huuza dawa za mifugo kwa Prado lake kuukuu, na mara si moja limembeba mama mja mzito au mtoto aliyeumwa na nyoka kumkimbiza hospitalini. Likizo ya Agosti matairi yake yalikuwa yamekwisha kabisa, kipara kama yai. Pesa alizokuwa nazo zilitosha seti moja tu, na karo ya watoto watatu ilikuwa inabisha mlangoni. Akaniambia, "Mpwa wangu, wewe unajua hesabu. Chukua daftari tukaulize. Seti hii ikitushinda, hakuna pesa ya nyingine." Haya niyaandikayo ndiyo tuliyoyapata kwa mafundi, kwa wauzaji na kwa kupiga hesabu wenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya maneno, maana sisi ni watu wa Kiswahili. Gurudumu ni kitu kizima: rimu ya chuma pamoja na mpira uliovishwa. Tairi ni ule mpira peke yake. Upande unaokanyaga barabara una meno, na baina ya meno kuna mifereji. Upande wa kando, ulioandikwa maandishi mengi, nitauita ubavu. Meno ndiyo yanayoshika barabara, mifereji hutoa maji na matope, na ubavu hubeba uzito. Sehemu ya tairi inayogusa ardhi kwa wakati mmoja si kubwa; inazidi kiganja cha mtu mzima kidogo tu. Kwa hivyo gari zima, na watu wote waliomo, linashikiliwa na viganja vinne.

Sasa tuje kwenye aina. Ukiingia dukani utakuta matairi ya magari haya yamegawanyika makundi matatu, na herufi zake aghalabu zimeandikwa ubavuni.

Kundi la kwanza ni H/T, tairi la barabara kuu. Meno yake ni madogo yaliyosongamana, mifereji yake ni myembamba. Halipigi kelele, halili petroli ovyo, hudumu muda mrefu, na kwenye lami yenye maji hushika breki vizuri. Ubaya wake ni kwamba matope huijaza mifereji hiyo mara moja, tairi likawa laini kama sabuni. Isitoshe, ubavu wake aghalabu ni mwembamba, na jiwe lenye ncha huupasua.

Kundi la tatu (nalitanguliza kusudi) ni M/T, tairi la matope. Meno yake ni makubwa kama matofali, na mifereji ni mipana ili matope yajitupe nje tairi linapozunguka. Ubavu wake ni mgumu. Vijana hulipenda kwa sababu linatisha ukilitazama. Lakini liweke kwenye lami uone! Linanguruma kama posho mili. Kwa kuwa mifereji imechukua nafasi kubwa, mpira unaogusa lami ni mchache, hivyo mvua ikinyesha gari huenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Meno hayo marefu hutikisika na kulika upesi, tena bila usawa. Na kwa kuwa tairi ni zito, injini hulipa gharama kwa petroli.

Baina ya hao wawili kuna A/T, tairi la kila mahali. Meno yake ni makubwa kuliko ya H/T lakini yamekaribiana kuliko ya M/T. Halishindi kwenye lami wala halishindi matopeni, ila pote pawili linapita bila aibu.

Basi uchague lipi? Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa maana humwangalia gari badala ya kuangalia njia. Wanasema, "Hili ni gari la nyika, lipe tairi la nyika." Lakini wapi! Tairi halijui jina la gari. Linajua inachokanyaga njia ya kila siku. Nitatoa mfano wa barabara yetu. Zamani, kutoka Isiolo kwenda Moyale, mwendo wa kama kilomita 500, ilikuwa ni changarawe yenye mawimbi mawimbi, vumbi, na mawe meusi ya volkeno katika jangwa la Dida Galgalu. Dereva aliyevaa M/T enzi hizo alikuwa na akili timamu. Lami ilisogea kipande baada ya kipande, na kufikia mwaka 2017 ilikuwa imefika Moyale. Njia imebadilika, lakini madereva wengi bado wananunua matairi ya njia iliyokufa.

Mimi na mjomba tulifungua daftari lake la safari. Katika kila kilomita kumi, tisa alizipita kwenye lami: Isiolo, Archers Post, Merille, Laisamis, Logologo, Marsabit, na kurudi. Moja tu ilikuwa ya njia mbovu, hasa akikata kuelekea Maikona kwa wafugaji. Hapo M/T likaondoka katika hesabu. Mji wa Marsabit uko juu ya mlima wenye ukungu, na asubuhi nyingi lami huko huwa imelowa. Kumkimbiza mgonjwa kwa tairi lisiloshika lami ya maji ni kumtoa kwa nyoka ukampeleka kwa chui.

"Basi tuchukue H/T," nikasema. Mjomba akatikisa kichwa. "Hiyo kilomita moja, mpwa wangu, ndiyo isiyo na fundi wa pancha." Kweli kabisa. Kwenye lami tairi likikuangusha, utapata lori litakalosimama. Kule kwenye mawe unaweza kungoja mpaka kesho. Tukaafikiana A/T. Mwalimu anayeishi Meru mjini na ambaye gari lake huenda Nairobi na kanisani tu, H/T linamtosha, na abaki na akiba. Naye aishiye ndani kabisa, ambaye lami huiona sikukuu, avae M/T bila kuchekwa. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Baada ya aina, soma namba. Ubavuni mwa tairi la mjomba pameandikwa 265/70R16 112S. Si mapambo hayo. 265 ni upana wa tairi kwa milimita. 70 ni urefu wa ubavu ukilinganishwa na upana huo, yaani asilimia 70. R ni aina ya ufumaji wa nyuzi za ndani, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 112 ni alama ya uzito: tairi moja linaruhusiwa kubeba kilo 1,120. S ni alama ya mwendo, kilomita 180 kwa saa. Usinunue tairi lenye alama ya uzito iliyo chini ya lile lililokuja na gari, hata likiwa rahisi namna gani. Rahisi huvunja upishi.

Kuna na herufi M+S. Maana yake ni matope na theluji. Mengine hata yana picha ndogo ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji. Muuzaji akikuongezea bei kwa sababu ya theluji, mwulize itaanguka lini Isiolo.

Je, tairi kubwa zaidi? Wapo wanaopenda gari liinuke. Muuzaji mmoja alitushawishi tuchukue 285/75R16, eti gari "litakaa kiume". Tukarudi kwenye hesabu, na wewe wa kidato cha kwanza unaweza kuifuata. Ubavu wa 265/70 ni 265 mara 0.70, sawa na milimita 185.5. Zipo mbavu mbili, juu na chini, jumla 371. Rimu ya inchi 16 ni milimita 406.4. Kipenyo chote ni 777.4. Lile la 285/75 hutoa 833.9. Tofauti ni milimita 56.5, lakini gari huinuka nusu yake tu, kama milimita 28, chini ya upana wa vidole viwili. Na bei ya hivyo vidole? Tairi limekua kwa asilimia 7 na ushei, kwa hivyo kipima mwendo kilichokuwa sahihi kikisoma 80, gari kwa kweli linakimbia kama 86. Injini inapata kazi zaidi ya kulizungusha, na huenda tairi likasugua mwili wa gari ukikata kona. Tukamshukuru muuzaji, tukaenda zetu.

Jambo jingine ni umri. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani umefunikwa vizuri. Tafuta maandishi yaanzayo na DOT. Tarakimu nne za mwisho ni juma na mwaka. 2319 maana yake lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri tairi likipita miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na likifika 10 litupwe hata kama meno yake yangalipo. Nakumbusha hili kwa sababu kiwanda cha Nairobi, kile kilichoitwa Firestone East Africa na baadaye Sameer Africa, kilichotupa matairi ya Yana, kilifungwa mwaka 2016. Mengi tununuayo sasa yamevuka bahari, na mengine yamelala ghalani muda mrefu. Matairi ya mtumba nayo ndiyo usiseme: meno mazuri, mpira mkavu kama biskuti. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Tena, yote manne yawe mamoja. Magari kama Prado la mjomba huvuta kwa magurudumu manne wakati wote. Ukiweka mawili makubwa na mawili madogo, au mapya mbele na kipara nyuma, magurudumu huzunguka kwa kasi tofauti, na gia zinazogawa nguvu katikati hupata joto na kulika. Kwa gari la kawaida, ikiwa pesa inatosha mawili tu, yale mapya yawekwe nyuma. Najua wengi hudhani ni mbele. Lakini tairi la mbele likiteleza dereva hulihisi kwenye usukani akapunguza mwendo. La nyuma likiteleza gari huzunguka kama pia kabla hajajua kuna nini. Spea nayo iwe ya saizi ile ile.

Mwisho ni upepo. Tairi bora lenye upepo mdogo ni adui. Ubavu hujikunja na kujikunjua kila mzunguko, hupata joto, na kwenye lami ya jua kali ya Laisamis hupasuka kwa kishindo. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Likiwa moto upepo hupanda, usiupunguze. Kwenye mchanga wa Chalbi madereva hupunguza upepo ili tairi litanuke lisizame. Ni sawa, mradi wabebe pampu na kuujaza kabla ya kurudi kwenye lami. Na kila baada ya kilomita 10,000 hivi, hamisha matairi ya mbele nyuma ili yalike sawasawa.

Kuna methali isemayo mchagua jembe si mkulima. Naiheshimu, lakini kwa matairi naomba ruhusa ya kuipinga. Mjomba alichagua kwa siku nne, akanunua A/T manne ya saizi ile ile, yenye ubavu mgumu na umri wa miezi mitano. Bei yake nisiitaje, ila ingeweza kumeza karo ya mwaka mzima ya mmoja wetu. Kitu cha bei hiyo hakichaguliwi kwa macho wala kwa sifa za marafiki.

Nawe, mwanafunzi mwenzangu, usiseme huna gari. Una mzazi, una jirani, unapanda matatu na basi la shule. Siku ya kufunga shule, kabla ya kuingia, inama dakika moja. Ndani ya mifereji kuna vijiti vidogo vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6. Ukiona meno yamelingana na vijiti hivyo, tairi limekwisha, na wewe unayo haki ya kumwambia dereva kwa adabu, "Mzee, tairi hili limechoka." Akikasirika, heri hasira yake kuliko kilio chetu. Tahadhari kabla ya hatari!