Mwanao Avae Nini Siku ya Halloween?

Baba hataki. Mama anataka. Mtoto kasimama katikati, begi mgongoni. Mhariri wenu anaingia kwenye ugomvi unaozikuta familia nyingi za kwetu zinazoishi Marekani kila ifikapo Oktoba.

Msomaji wangu, tunajua kuna ugomvi wa fedha, kuna ugomvi wa mawifi na kuna ugomvi wa simu iliyozimwa usiku kucha. Lakini kuna ugomvi mmoja ambao ukiishi Kahama au Tandika unaweza usiusikie maisha yako yote. Panda ndege sasa, nenda kaishi Marekani na watoto wadogo, utakufuata mpaka sebuleni. Huo ni ugomvi wa nguo ya mtoto. Na wala sizungumzii sare, maana shule nyingi za msingi za serikali kule hazina sare kama zetu. Nazungumzia nguo ya sikukuu.

Iko hivi. Tarehe 31 Oktoba ni Halloween. Watoto huvaa mavazi ya kuigiza, huyu mchawi, yule mzimu, mwingine zimamoto au binti mfalme, na jioni wanapita nyumba kwa nyumba kuomba peremende. Ila kabla ya jioni kuna shule. Shule nyingi huwaruhusu waje na mavazi hayo, kisha wanapita kwa gwaride kuzunguka uwanja huku wazazi wamejipanga pembeni na kamera zao.

Ukidhani hapo ndiyo mwisho, umekosea. Kuanzia tarehe 23 hadi 31 ya mwezi huohuo kuna wiki ya utepe mwekundu, kampeni dhidi ya madawa ya kulevya iliyoanzia kwenye mauaji ya mpelelezi Enrique Camarena kule Mexico mwaka 1985, na ambayo tangu 1988 ni ya nchi nzima. Hapo kila siku ina vazi lake: leo soksi zisizofanana, kesho kofia, keshokutwa nguo nyekundu. Desemba wanakuja na sweta za Krismasi. Ikifika siku ya 100 ya masomo, watoto wa chekechea wanavaa kama vikongwe, na mkongojo juu. Machi 17 ni kijani kwa ajili ya Mtakatifu Patrick. Mzazi aliyetoka shule ya soksi nyeupe na viatu vyeusi, kichwa lazima kimzunguke!

Nyumbani kwa shosti wangu

Oktoba iliyopita nilikuwa Texas kwa shosti wangu ambaye tulisoma naye mawasiliano chuo kikuu. Ameolewa na Mtanzania mwenzetu, wana binti wa miaka saba na mvulana wa miaka mitano. Shemeji ni mtu wa kanisa hasa, mzee wa usharika. Barua ya shule ilionekana Jumapili usiku, imekunjwa chini ya begi, siku chache kabla ya gwaride.

"Mimi sikuvuka bahari ili mwanangu avalishwe mizimu," shemeji akasema.

"Kwa hiyo unataka akae peke yake kwa mwalimu mkuu kama mwizi?" shosti akamjibu.

Siku mbili nzima mvutano. Chakula kinaliwa kimya, milango inafungwa kwa kishindo. Mimi mgeni nikajifanya sioni. Jumanne jioni yule binti akanifuata jikoni, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama Mdogo, nikivaa nitamuudhi baba, nisipovaa nitamuudhi mama. Sasa nifanyeje?"

Jamani! Mtoto wa miaka saba alikuwa amebebeshwa kesi ya watu wazima wawili. Hata hiyo Halloween yenyewe hakuitaja. Alichotaka kujua ni upande gani asimame ili nyumba itulie.

Nikamwambia shosti, naye akamwambia mumewe. Usiku ule wakakaa chini, kesho yake wakampigia mwalimu simu. Mwalimu akawaambia vazi lolote la heshima linafaa, na asiyevaa hapati tatizo lolote. Shemeji ni nesi. Binti akaenda shule na shati la kazi la baba yake, mikono imekunjwa mara tatu, na karatasi ya jina kifuani. Mdogo wake akaenda na fulana ya kawaida ya rangi ya chungwa. Alilia kidogo, maana yeye alikuwa anamtaka Spider-Man, lakini alipoona wenzake wawili nao hawakuvaa kitu, akanyamaza.

Eti, ni mambo ya mashetani?

Hili ndilo swali linalovunja nyumba, kwa hiyo tuliangalie bila ushabiki. Mizizi ya Halloween iko kwa Waselti wa Ireland na maeneo jirani, waliokuwa na sikukuu iitwayo Samhain ya kufunga mavuno na kuingia majira ya baridi. Waliamini kwamba usiku ule wafu wako karibu na walio hai. Jina lenyewe, hata hivyo, limetoka kanisani: ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, Novemba 1. Wahamiaji kutoka Ireland na Scotland waliipeleka Marekani kwa wingi katika karne ya 19. Mtindo wa kuomba peremende ulishika kasi baada ya Vita Kuu ya Pili, mgawo wa sukari ulipoondolewa mwaka 1947.

Siku hizi ni biashara kubwa. Mwaka 2023 chama cha wauzaji rejareja cha Marekani kilikadiria kwamba wananchi wangetumia dola bilioni 12.2 kwa ajili ya Halloween. Hayo ni mavazi, peremende na mapambo.

Na sheria inasemaje? Shule za serikali kule haziruhusiwi kuendesha ibada. Mahakama Kuu ya nchi ilikataza sala zinazoandaliwa na shule mwaka 1962. Kwa msingi huo, kesi ilifunguliwa kuhusu shule za Alachua, Florida, ikidai kwamba picha za wachawi na vyungu vyao shuleni ni kuendeleza dini. Mwaka 1994 mahakama ya rufaa ya Florida ikalikataa dai hilo: mapambo yale hayakuwa mafundisho ya dini.

Lakini sheria na dhamiri ni vitu viwili, na dhamiri ya mzazi nayo ina kinga yake. Mwaka 1943 Mahakama Kuu iliamua kwamba shule haiwezi kumlazimisha mtoto kuipigia bendera saluti, katika kesi iliyoletwa na familia za Mashahidi wa Yehova. Kama hata bendera mtoto halazimishwi, sembuse kofia ya mchawi?

Wenyewe hawajakubaliana

Usijione mshamba ukisita. Shule za Evanston na Skokie, Illinois, ziliacha sherehe za Halloween mwaka 2019. Mwaka 2023 shule za South Orange na Maplewood, New Jersey, nazo zikaziondoa katika saa za masomo, na gavana Phil Murphy akajitokeza hadharani kupinga uamuzi huo. Hoja ya wanaoziondoa ni mbili: kuna watoto ambao kwa imani zao hawashiriki, na kuna wazazi ambao mfuko hauruhusu. Hoja ya wanaozitetea ni moja tu: mwacheni mtoto afurahi. Ukweli ni kwamba kila upande una mtoto wake inayemfikiria.

Vazi linapomuumiza mwingine

Kuna jambo jingine ambalo sisi Waafrika tusilipite haraka. Huko Claremont, California, watoto wa chekechea wa shule mbili kwa miongo kadhaa walikuwa wakila pamoja kabla ya sikukuu ya Shukrani. Wa shule moja wanavaa kama wahamiaji Waingereza wa karne ya 17, wa nyingine kama Wahindi Wekundu, na manyoya ya karatasi kichwani. Mwaka 2008 mzazi mmoja mwenye asili ya wenyeji wale akaandika barua kwamba vazi lile linawafanya watu wake kuwa kikaragosi. Shule zikaamua karamu iendelee bila mavazi. Wazazi wengine walikasirika, wakaja na mavazi yao hivyohivyo.

Sasa jiulize: ukimfunga mwanao shuka la Kimasai na kumpa fimbo siku ya Halloween, amesimama kati ya mzimu na popobawa wa plastiki, umewafundisha nini wenzake? Kwamba Mmasai naye ni kitu cha kuigiza na kutisha. Shuka, kanga na kanzu vitunze. Shule nyingi zina jioni ya tamaduni mbalimbali, na hapo mtoto atavaa akijua anavaa cha kwao.

Ufanye nini, mzazi mwenzangu?

Anza na kalenda. Septemba ikiingia, omba ratiba ya siku zote za kuvaa tofauti. Barua ikikukuta Jumapili usiku, umeshachelewa, na aliyechelewa huamua kwa hasira.

Ongeeni wawili kwanza, mlango umefungwa. Mtoto apewe jibu moja kutoka kwa wote wawili, hata kama mmoja wenu amelikubali shingo upande.

Muulize mwalimu mambo matatu. Ni kipi hakiruhusiwi? (Shule nyingi zinakataa barakoa za kufunika uso na silaha za bandia.) Wasiovaa watakuwa wapi na watafanya nini? Je, kuna vazi la kati, kama la mhusika wa kitabu au mtu wa kazi fulani?

Usikimbilie dukani. Vazi la saa mbili lisile hela ya wiki. Shati la baba, kitenge cha mama, boksi na gundi vinatosha.

Kama jibu ni hapana, mpe mtoto sababu, na iwe ya kwenu: "Sisi nyumbani hatuisherehekei, kwa sababu hii na hii." Usimwambie wenzake ni watoto wa shetani. Kesho atakaa nao dawati moja, na hilo neno atalitoa kama lilivyo.

Wengine huona bora wamfiche mtoto nyumbani siku hiyo. Wana haki yao, lakini anakosa masomo na anajifunza kwamba jambo gumu linakimbiwa. Akienda na nguo zake za kawaida huku anajua sababu, kichwa chake kitakuwa juu kuliko hata wenye mataji.

Nguo yenyewe itavuliwa jioni na kutupwa kabatini. Atakachokumbuka mtoto ni kama wazazi wake walikuwa kitu kimoja au la.

Na wewe unayesoma ukiwa ughaibuni, Oktoba iliyopita mlilimalizaje hili na mwenzi wako? Tuandikie, tujifunze wote.