Mvinyo wa Porto: Chupa Inayolazwa Miaka Ishirini

Pombe yetu ya ndizi haina subira. Tonto hunyweka kwa siku chache tu, kisha huchacha ikawa haifai. Kwa hiyo mtu wa kwetu akiambiwa kwamba huko Ureno na Uingereza wako watu wanunuao mvinyo mpya, wakazilaza chupa gizani, wasiziguse mpaka mtoto mchanga wa nyumbani awe mtu mzima, hudhani anatolewa hadithi. Lakini jambo hilo ni kweli, na limekwisha kuwa biashara. Madalali huusifu mvinyo huo kuwa ni kitega uchumi kisichooza, nao hupenda kuzungumza na watu waliopokea fedha nyingi kwa mkupuo, kama vile wastaafu waliokwisha kulipwa kiinua mgongo. Yafaa basi tuufahamu kabla hatujaombwa fedha. Hata ndugu zetu ambao dini haiwaruhusu kunywa watapata faida, kwani hesabu zake ni zile zile za mali yoyote inayowekwa.

Mvinyo wa Porto hutoka katika bonde la mto Douro, kaskazini ya Ureno, penye miteremko mikali ya mawe iliyokatwa matuta kama vilima vya Kigezi. Mipaka ya bonde hilo iliwekwa kwa sheria mwaka 1756, zama za waziri Marquês de Pombal, na nguzo za mawe zikasimikwa ili mvinyo wa mahali pengine usije ukauzwa kwa jina lile. Waingereza walikuwako tangu mapema, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1703 ulioupunguzia mvinyo wa Ureno ushuru kuliko ule wa Ufaransa. Ndiyo sababu hata leo chupa nyingi zina majina ya Kiingereza: Warre, Croft, Taylor, Graham, Cockburn.

Zabibu huvunwa kwa mkono, aghalabu mwezi wa Septemba, kisha humiminwa katika birika pana la mawe liitwalo lagar. Hapo askari msomaji atatabasamu. Wakanyagaji huingia ndani wakiwa wamevaa kaptura, hujipanga mistari, wakashikana mabega, wakaanza kwenda mguu pande polepole huku mmoja akihesabu kwa sauti: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Hakuna ruhusa ya kuvunja mstari, kwa kuwa kila zabibu lazima ipondwe, na mguu wa binadamu huponda ganda bila kuivunja kokwa, ambayo ina uchungu. Kazi hiyo huchukua muda wa saa mbili hivi. Kisha hupigwa ukelele wa "liberdade", yaani uhuru, ngoma na kodiani zikaanza, na kila mmoja akacheza apendavyo katika zabibu zile zile. Siku hizi mashine zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, ila baadhi ya nyumba za mvinyo bado huitumia miguu kwa zabibu zao bora.

Maji ya zabibu yakishachacha siku mbili tatu, na sukari yapata nusu yake imegeuka kileo, hutiwa pombe kali ya zabibu, kadiri ya fungu moja kwa mafungu manne. Uchachu husimama papo hapo. Ndiyo maana mvinyo huu una utamu, na kileo chake hufika kama asilimia 20, ambacho kwa mvinyo ni kingi. Utamu, kileo na ukali wa maganda ndivyo viuwezeshavyo kuishi miaka mingi.

Si kila mvinyo wa Porto hulazwa. Ulio mwingi hukomaa katika mapipa, na ukitiwa chupani huwa tayari kunywewa. Unaolazwa ni ule uitwao vinteji, wa mavuno ya mwaka mmoja tu, ambao hukaa katika mapipa miaka miwili hivi, ukatiwa chupani bila kuchujwa, na kumalizia ukuaji wake humo. Ukiwa mchanga huwa mweusi na mkali, haunyweki kwa raha. Wengi huungoja miaka 15 au 20, na iliyo mizuri hupita 50. Katika jamaa tajiri za Uingereza za zamani, baba wa ubatizo alimnunulia mtoto pipa zima, lita zipatazo 550, yaani chupa zaidi ya mia saba, aje azinywe atimizapo miaka 21.

Nyumba ya mvinyo haitangazi vinteji kila mwaka. Huungoja mwaka mzuri, kwa kawaida mara tatu hivi katika miaka kumi, nayo idara ya serikali ya Ureno huuonja mvinyo na kuuidhinisha. Miaka ya 1963, 1977, 1994 na 2011 ilisifiwa sana. 2016 na 2017 nyumba nyingi zilitangaza mfululizo, jambo la nadra. Lakini tangazo si dhamana. Mwaka 1975 ulitangazwa na wengi, na mvinyo wake ukawa mwepesi, ukazeeka mapema. Kinyume chake, mwaka 1931 nyumba nyingi hazikutangaza, kwa kuwa dunia ilikuwa katika dhiki ya uchumi na maghala yalikuwa bado na mvinyo wa 1927. Quinta do Noval wakatangaza, na chupa zao za mwaka ule zikawa miongoni mwa zinazotafutwa kuliko zote.

Dalali atakusimulia habari ya 1931. Ya 1975 huenda akaisahau.

Sasa tuje kwenye fedha. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, mtu amenunua katoni ya chupa 12 kwa pauni 600. Baada ya miaka 20 anaiuza mnadani kwa pauni 1,200. Mali imekuwa maradufu, naye hufurahi. Lakini ghala limemtoza pauni 12 kila mwaka, jumla 240. Mnada umekata sehemu ya kumi, yaani 120. Mkononi zimebaki 840. Faida ni pauni 240 kwa miaka 20, ambayo haifiki hata asilimia mbili kwa mwaka. Kupanda kwa bei za vitu pekee huweza kuimeza yote.

Tena, chupa ya mwaka mzuri wa zamani, kama 1985, iliyokwisha kukomaa na kulipiwa ghala na mtu mwingine, aghalabu huuzwa London kwa bei isiyopishana sana na ya chupa mpya. Kwa maoni yangu, hilo latosha kumzuia anayetafuta faida. Anayeununua mpya kwa haki ni yule apendaye kuunywa, mwenye mtoto aliyezaliwa mwaka huo, na ambaye fedha zile hazihitaji kwa karo wala kwa bati la nyumba.

Iko hatari nyingine iliyo kubwa kuliko bei. Uingereza wamekuwako matapeli waliowapigia wazee simu, wakawauzia mvinyo ambao haukununuliwa kamwe. Mwaka 2022 waendesha mashtaka wa New York waliwashtaki wanaume wawili kwa udanganyifu wa mikopo ya dola milioni 99, iliyodaiwa kuwekewa dhamana ya mvinyo wa thamani ambao kwa sehemu kubwa haukuwako. Mnunuzi makini huuliza: katoni imo katika ghala gani la forodha? Imeandikwa kwa jina langu au la dalali? Kisha hudai hati ya ghala lenyewe, si barua ya muuzaji. Mvinyo ukiwa katika ghala la forodha haujalipiwa ushuru wala kodi. Hulipiwa siku ya kutolewa, na hilo nalo liingizwe katika hesabu.

Kuuweka nyumbani kwetu chini ya paa la bati ni kuupika. Unataka giza, utulivu, na baridi ya nyuzi 12 hadi 15 mwaka mzima. Chupa hulazwa ubavu ili kizibo kisikauke, na nyingi hupakwa alama ya rangi nyeupe upande mmoja: alama hiyo ikae juu daima, mashapo yatulie upande wa chini. Siku ya kunywa, chupa husimamishwa tangu jana yake, kisha mvinyo humiminwa polepole katika chombo kingine, mbele ya mshumaa, mpaka mashapo yaonekane yakikaribia shingo. Kizibo kikiwa kimeoza kwa uzee, hutumika koleo la chuma lililotiwa motoni: hubana shingo ya chupa kitambo kidogo, kisha hupakwa maji baridi, na kioo hukatika chenyewe.