Je, Wajua? Jambazi wa koliflawa alikuwa Hitler

Mwaka 1941, akiwa mkimbizi Finland na akisubiri viza ya Marekani, mwandishi Mjerumani Bertolt Brecht aliandika tamthilia kuhusu Arturo Ui, jambazi wa Chicago anayewalazimisha wauza mboga wamlipe ili "awalinde". Biashara yenyewe ni ya koliflawa! Lakini Ui ni Hitler mtupu, na ghala la mboga linalochomwa moto ni Bunge la Ujerumani lililoungua mwaka 1933.

Kinachotisha zaidi si bastola. Ui anaanza akiwa mtu duni, hata kusimama mbele za watu hajui. Anamkodi mwigizaji mzee, njaa imemkaba, amfundishe kutembea, kuketi na kuhutubia. Mwenzake anamwonya kwamba mwendo huo si wa kawaida. Ui hajali, mradi watu wamtazame. Zoezi lake la kuhutubia ni ile hotuba ya Antony mbele ya maiti ya Kaizari katika tamthilia ya Shakespeare, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanayo katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, Juliasi Kaizari. Anaanza kwa kubabaika. Akimaliza, aliyesimama jukwaani ni dikteta. Kwa maoni yangu, hakuna onyesho jingine humo linaloifikia sehemu hiyo.

Kichwa cha tamthilia kinasema kupanda kwa Ui madarakani kungeweza kuzuiwa. Ilichezwa mara ya kwanza Stuttgart mwaka 1958, miaka miwili baada ya Brecht kufariki.