Amplifaya ya Gitaa na Hadaa ya Wati

Mwenye kwenda dukani kununua amplifaya ya gitaa aghalabu huanza kwa kuuliza ina wati ngapi, na akishajibiwa hudhani kwamba amekwisha kupata habari iliyo muhimu kuliko zote. Ilhali wati ni kipimo cha nguvu ya umeme, si cha sauti ifikayo sikioni: nguvu ikiongezwa maradufu, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, na ili msikilizaji aione imekuwa kubwa mara mbili, yahitajiwa nguvu takriban mara 10. Basi baina ya amplifaya ya wati 50 na ya wati 100, zenye spika za namna moja, tofauti iliyo dhahiri ni ya bei na ya uzito.

Faida hasa ya wati nyingi ni usafi. Kila amplifaya ina kikomo chake, na mawimbi ya sauti yakikifikia hukatwa vilele, ndipo sauti inapokwaruza. Mpiga roki huutafuta mkwaruzo huo kwa makusudi. Lakini kwa mpiga gitaa la solo katika muziki wetu wa dansi, ambaye nota zake sharti zisikike moja moja juu ya ridhimu na besi, huo ni msiba. Huyo nitamshauri atafute Fender Twin Reverb, ya vali na wati 85, ama Roland JC-120, ya transista, iliyotoka mwaka 1975 na ambayo usafi wake sijauona mfano. Anayejifunzia chumbani, wati 5 zamtosha.

Jambo linalopuuzwa kupita yote ni mahali pa kuiweka. Spika ya inchi 12 hutupa sauti zake kali mbele moja kwa moja, mithili ya mwanga wa kurunzi, wala hazitawanyiki pembeni kama zifanyavyo zile nzito. Kwa hiyo mpigaji aliyesimama karibu na amplifaya iliyo sakafuni, spika ikimwelekea magotini, huona sauti yake imefifia, akaongeza kali, akaongeza tena, na kumbe waliokaa mbele ya jukwaa wanaumia masikio. Na aiinue juu ya kiti, au ailaze nyuma kidogo imtazame usoni, kisha arekebishe vitufe. Na kabla ya dansi kuanza, ampe mwenzake gitaa, ashuke, asikilize kutoka katikati ya ukumbi.

Kwa amplifaya ya vali ipo tahadhari moja isiyo na msamaha: isiwashwe kamwe bila spika kuunganishwa, kwani transfoma yake ya kutolea sauti yaweza kuungua. Omu za spika nazo, ziwe 4, 8 au 16, lazima zilingane na zilizoandikwa nyuma ya amplifaya, na waya wa spika uwe wa spika kweli. Ule mwembamba wa gitaa, ijapokuwa plagi zake zaingia vizuri, haukutengenezewa kubeba mzigo huo.