Uyoga wa kisikini: Kunywa ni hiari, kuacha kidonge ni hatari

SOKONI Rumonge, upande wa wauza dawa za miti shamba, hukosi kukuta vipande vya uyoga mgumu vimepangwa juu ya gunia. Rangi yake ni nyekundu ya kahawia, na unang'aa kama samani iliyopakwa vanishi. Pembeni yake huwapo pakiti ndogo za kahawa na vidonge vya unga vilivyotoka nchi za mbali, vyote vikiwa na picha ya uyoga huohuo.

Ukimwuliza mchuuzi unatibu nini, jibu lake ni refu. Atakutajia kisukari, presha, vidonda vya tumbo, saratani, upungufu wa nguvu za kiume, na akiona bado unasita atakuongezea virusi vya Ukimwi.

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Nilizaliwa na kusomea katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, Tanzania, nikarejea Burundi mwaka 2009. Kwa kuwa nasoma Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, majirani huniletea pakiti hizo niwasomee kilichoandikwa. Nimeona heri niandike hapa kile ninachowajibu, ili kiwafikie na walio ng'ambo ya ziwa.

Ni uyoga wa namna gani?

Wataalamu huuita Ganoderma, jina lililotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya ngozi ing'aayo. Wachina huuita lingzhi na Wajapani reishi. Huota kwenye visiki na chini ya mashina ya miti iliyozeeka au kujeruhiwa, na hula mbao ya mti huo taratibu.

Si uyoga wa kitoweo. Ni mgumu kama ubao, upande wa chini una vitundu vidogo mno kama vilivyotobolewa kwa sindano, na hutoa vumbi la kahawia ambalo ndilo mbegu zake. Kule Ulyankulu, mvua zilipoanza mama zetu waliingia porini kuchuma uyoga, na walitufundisha kwamba ule unaolia kama ubao ukiugonga, unauacha hapohapo.

Wachina wameutumia kama dawa kwa zaidi ya miaka 2,000, na umetajwa katika kitabu chao cha kale cha dawa kiitwacho Shennong Bencao Jing. Zamani ulikuwa adimu kwa sababu uliokotwa porini tu. Katika miaka ya 1970 Wajapani walifanikiwa kuulima kwa wingi, na tangu hapo umekuwa biashara ya dunia nzima.

Kwa wakulima wa michikichi nina neno moja. Ndugu wa uyoga huu, aitwaye Ganoderma boninense, ndiye anayeozesha mashina ya michikichi katika mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia. Ukiona uyoga wa aina hii umechomoza chini ya mchikichi ulio hai, usifurahi kwamba umepata dawa ya bure. Ujue mti huo umeanza kuoza ndani.

Jina moja, uyoga tofauti

Hapa ndipo penye mkanganyiko wa kwanza. Ganoderma si uyoga mmoja bali ni ukoo mkubwa wenye aina nyingi. Ule uitwao Ganoderma lucidum ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1781. Kwa miaka mingi kila uyoga unaong'aa, popote ulipookotwa duniani, ulibandikwa jina hilo.

Mwaka 2012 watafiti wa China walionyesha kwamba hata ule unaolimwa kwao kama dawa si lucidum, ni aina nyingine, wakaupa jina la Ganoderma lingzhi. Sasa, ikiwa Wachina wenyewe waliohangaika nao kwa miaka 2,000 walikuwa wakikosea jina, mchuuzi wetu ana hakika gani kwamba kipande alichokibandua kwenye kisiki cha mwembe ndicho hichohicho kilichopimwa maabara?

Anapookota uyoga wa huku na kuuza kwa sifa za uyoga wa China, anakuuzia jina. Huenda hauna madhara, huenda hauna faida, na yeye hana njia ya kujua.

Sayansi imefikia wapi?

Tusiwe watu wa kudharau kila dawa ya asili. Uyoga huu una vitu vyenye kazi. Kuna sukari changamano ziitwazo beta-glukani, ambazo huamsha chembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili. Kuna pia triterpeni, ambazo ndizo zinazoupa uchungu wake mkali. Vyote hivi vimechunguzwa sana katika maabara.

Lakini maabara si mwili wa mtu. Mfano ni hayo madai ya Ukimwi. Mwaka 1998 watafiti walichapisha matokeo kwamba baadhi ya vitu vilivyotolewa ndani ya uyoga huu vilizuia virusi vya Ukimwi katika vyombo vya maabara. Habari hiyo ilisafiri, ikapunguzwa maneno njiani, na ilipofika sokoni ikawa "unaponya Ukimwi." Sabuni nayo huua virusi mkononi, lakini hakuna anayekunywa sabuni ili apone mafua.

Kuhusu saratani, Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, ulitoa ripoti mwaka 2012 na kuipitia upya mwaka 2016. Walipata majaribio matano yenye jumla ya watu 373. Wagonjwa waliotumia uyoga huu pamoja na tiba ya hospitali walionekana kuitikia tiba vizuri zaidi kuliko waliopata tiba ya hospitali peke yake. Uyoga ulipotumika peke yake haukupunguza uvimbe. Hitimisho lao ni kwamba hakuna ushahidi wa kuufanya tiba ya kwanza ya saratani.

Kuhusu kisukari, uchambuzi mwingine wa Cochrane wa mwaka 2015 uliangalia majaribio matano yenye watu 398. Haukupata ushahidi wa kuunga mkono matumizi ya uyoga huu kwa watu wenye kisukari cha ukubwani.

Kichungu hakili kitamu

Nataja kisukari kwa sababu ndipo ninapoona watu wakiumia. Kuna mama mmoja jirani yangu, mfanyabiashara wa mawese, aliyekuwa akitumia vidonge vya metformini. Mwaka 2019 aliambiwa na mchuuzi kwamba sukari huondolewa na kitu kichungu, na hakuna kichungu kuushinda uyoga wa kisikini.

Nilipomuuliza kwa nini vidonge vyake vimejaa vumbi kabatini, alinijibu kwa upole, "Mwalimu, kichungu hula kitamu. Hata mtoto anajua."

Alikunywa vikombe viwili kila siku kwa miezi minne. Alijisikia mwepesi, akaendelea na safari zake za Kigoma. Kidonda kidogo mguuni alichokipata bandarini hakikupona. Alipofika hospitali sukari ilikuwa juu mno, na madaktari wakalazimika kumkata vidole vitatu ili kuokoa mguu.

Uyoga haukumkata vidole mama huyu. Kilichomkata ni ile miezi minne bila kidonge. Ulimi hauna kipimo cha sukari iliyo ndani ya damu. Kinachoonjwa kichungu kikishapita kooni hakiifuati sukari kwenye mishipa na kuitafuna.

Hatari za uyoga wenyewe

Wengine husema, kama hausaidii basi angalau haudhuru. Si kweli kwa kila mtu.

Kwanza ni damu. Uyoga huu unaweza kupunguza uwezo wa damu kuganda. Anayetumia aspirini au warfarini, anayesubiri upasuaji, au mwenye ugonjwa wa kutokwa damu, anajitafutia balaa akiunywa kimyakimya bila daktari kujua.

Pili ni kugongana na dawa nyingine. Kwa mtu aliye kwenye dawa za presha au kisukari, kuchanganya kunaweza kushusha presha au sukari kupita kiasi, naye akaanguka njiani.

Tatu ni ini. Mwaka 2004 madaktari wa Hong Kong waliripoti kuumia kwa ini kulikohusishwa na uyoga huu uliotengenezwa kiwandani. Mwaka 2007 wenzao wa Thailand waliripoti mgonjwa aliyekufa kwa ini baada ya kutumia unga wake. Matukio ya aina hii ni machache, lakini yapo. Ukiona macho yamekuwa ya njano, mkojo umekuwa kama chai ya rangi, au hamu ya kula imekwisha, acha mara moja uende hospitali, na useme wazi ulichokuwa unakunywa.

Nne ni uchafu. Uyoga hunyonya kilichomo katika udongo na mbao, pamoja na metali nzito. Uliobanduliwa kwenye nguzo iliyotiwa dawa, kando ya barabara kuu au karibu na jalala si wa kuchemshwa.

Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo wasipewe, kwa kuwa usalama wake kwao haujathibitishwa.

Sisi tunaovuka mpaka

Ndugu msomaji, unaweza kuuliza kwa nini uyoga huu unapata wateja wengi miongoni mwetu sisi tuliorejea na wafanyabiashara wa mpakani. Jibu ninalolipata kila ninapoongea na watu ni hili: dawa zao zilikatika njiani.

Mtu anatoka Tanzania akiwa na kadi ya kliniki yenye maandishi ya Kiswahili na Kiingereza. Huku anakuta Kifaransa. Anaogopa kwamba hataeleweka, au ataonekana mgeni katika nchi yake. Mfanyabiashara naye anakwenda Uvira kwa siku tatu, mzigo unachelewa, siku tatu zinakuwa wiki mbili, na vidonge vimebaki nyumbani. Hapo ndipo mchuuzi anapompata, kwani uyoga hauulizi kadi wala lugha.

Jina la dawa halibadiliki kwa kuvuka Mto Malagarasi. Metformini inayoandikwa kwa Kiingereza ni ileile inayoandikwa kwa Kifaransa, imeongezwa herufi moja tu mwishoni. Anayehama aombe barua ya uhamisho kliniki kabla hajaondoka, na aombe dawa za kutosha mwezi mmoja au zaidi. Msafiri abebe vidonge vya siku za ziada ndani ya mkoba anaokaa nao, si ndani ya mzigo. Mwenye kutumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi au za kifua kikuu asikatishe hata kidogo, kwa sababu vijidudu huzoea dawa inayomezwa kwa kurukaruka.

Kwa wanaouza

Wafanyabiashara wenzangu wa ukanda huu, sisemi muache kazi. Mwaka 2011 tuliona misururu ya magari kule Loliondo, Tanzania, watu wakitafuta kikombe cha shilingi 500 cha marehemu Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Mwenye kuumwa hutafuta popote, na hakuna wa kumlaumu. Lakini anayemuuzia ana dhamana.

Jueni kwamba hata pakiti nzuri inaweza kudanganya. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 19 zilizouzwa Marekani kama Ganoderma lucidum. Ni 5 tu zilizolingana na kilichoandikwa. Kama ni hivyo katika nchi yenye maabara kila kona, hiyo iliyopita mikono sita hadi kufika Rumonge itakuwaje?

Nchini Tanzania ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake ndilo linalosajili waganga na dawa zao. Burundi tunayo mamlaka ya kudhibiti dawa na vyakula, ABREMA. Uliza kama bidhaa yako imesajiliwa kabla hujanunua katoni kumi, maana ikikamatwa forodhani mtaji wote umekwenda na maji.

Na kuna sentensi moja ambayo haina gharama. Mteja akinunua, mwambie: "Usiache dawa zako za hospitali." Mchuuzi mmoja ninayemfahamu ameanza kusema hivyo. Wateja hawajampungua, tena wengine humrudia kwa kumwamini.

Kwa anayetaka kuendelea kuunywa, utaratibu ni mfupi. Jua umetoka wapi. Usichanganye na dawa nyingine kabla ya kumuuliza muuguzi au daktari. Acha wiki mbili kabla ya upasuaji. Pima sukari na presha kwenye kituo cha afya kila mwezi, na uamini kipimo kuliko ulimi.

Mama yule wa mawese bado anafanya biashara, sasa akiwa na viatu vya kufunika. Vidonge vyake anavitunza kwenye kopo la majani ya chai, ndani ya mkoba wa fedha, mahali ambapo hawezi kuvisahau.