Kompyuta Mbele ya Sanduku la Kura

Kuhesabu ndiyo kazi ya kwanza ya kompyuta. Mtambo unaojumlisha mamilioni ya malipo ya simu kila siku, mtu atadhani, hauwezi kushindwa na kura za taifa moja. Ndivyo wanasiasa wengi wanavyofikiri wanapoahidi uchaguzi wa kielektroniki, na ndivyo wauza mitambo wanavyowahakikishia. Lakini kundi linaloongoza kwa kuitilia shaka mitambo ya kura ni la wataalamu wa kompyuta wenyewe. Watu wanaokula kwa kuandika programu ndio wanaosisitiza kwamba karatasi isitupwe.

Shaka hiyo inaanzia kwenye siri ya kura. Mtu akituma pesa kwa simu, ujumbe unaingia kwake na kwa aliyetumiwa, kila mmoja na salio lake. Kosa likitokea, mwenye hasara anajua palepale, analalamika, na kumbukumbu zinafuatwa hadi shilingi ya mwisho. Kura haina mwenyewe. Ikishaingia sandukuni inaachana na jina la aliyeipiga, na ni lazima iachane nalo, la sivyo mwajiri, mume au chama kitadai kionyeshwe. Hata risiti ni hatari, kwa kuwa mnunuzi wa kura anahitaji ushahidi kwamba mali yake imefika. Kwa hiyo mashine ikipokea kura ya Asha na kuiandikia mgombea asiye wake, Asha hatajua, mgombea hatajua, na msimamizi wa kituo hatajua. Benki ina wateja wa kuikagua kila siku. Mashine ya kura haina.

Hitilafu yenyewe haihitaji mwizi. Tarehe 18 Mei 2003, katika manispaa ya Schaerbeek nchini Ubelgiji, mgombea mmoja alipata kura nyingi kuliko zilizowezekana kihesabu. Kwa bahati, kila mpiga kura alikuwa amepewa kadi ya sumaku iliyobeba chaguo lake, na kadi zote zilihifadhiwa. Zilipopitishwa upya kwenye mashine, tofauti ilikuwa kura 4,096 kamili. Mtu wa kawaida anaona namba tu, lakini mhandisi anaitambua papo hapo. Kompyuta huandika hesabu zake kwa sifuri na moja, na kila nafasi ina thamani maradufu ya ile iliyotangulia: 1, 2, 4, 8, na kuendelea. Nafasi ya 13 ni 4,096. Sifuri moja ilikuwa imegeuka moja. Uchunguzi haukupata kosa katika programu, na maelezo yaliyobaki yakawa kwamba chembe yenye nguvu kutoka anga za mbali huenda iligonga kumbukumbu ya mashine, jambo ambalo hutokea kwa nadra. Iwapo ingegonga nafasi iliyo chini ya hiyo na kuongeza kura 64 tu, hakuna ambaye angeshtuka.

Mwizi naye ana njia zake. Mwaka 1984 Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo wa Unix, alichapisha hotuba aliyoitoa alipopokea Tuzo ya Turing, na ndani yake akaonyesha kwamba programu inaweza kubeba mtego usioonekana popote katika maandishi yake. Mtego hufichwa katika programu nyingine, ile inayotafsiri maandishi ya mwandishi kuwa amri za mashine. Hiyo huupenyeza kila inapotafsiri, hata inapojitafsiri yenyewe. Mkaguzi anaweza kusoma mstari kwa mstari asikute kitu. Kwa sababu hiyo ahadi ya tume ya uchaguzi kwamba programu imekaguliwa na kampuni mashuhuri, hata ikitolewa kwa nia njema, haimalizi hoja.

Mwaka 2006 Ronald Rivest, mmoja wa watatu waliobuni mbinu ya RSA ya kusimba ujumbe, pamoja na John Wack, walipendekeza kipimo ambacho wataalamu wengi wanakitumia hadi leo. Mfumo wa kura unafaa pale tu ambapo kosa la programu lisiloonekana haliwezi kubadili matokeo bila badiliko hilo kuonekana. Kwa maneno mengine, kompyuta iruhusiwe kukosea, mradi kuwe na kitu nje yake kitakachoiumbua.

Ulaya ilijifunza hilo kwa gharama. Mwaka huohuo wa 2006, kikundi cha wanaharakati wa Uholanzi kikiongozwa na Rop Gonggrijp kilipata mashine za Nedap, zilizokuwa zikitumika karibu nchi nzima, kikabadilisha programu ya mojawapo na kuifanya icheze sataranji, kwa kuwa upande wa watengenezaji ulikuwa umesisitiza kwamba kifaa kile kinajua kura tu. Kibaya zaidi, redio ya kawaida iliyowekwa mita kadhaa kutoka kwenye mashine ilinasa badiliko la mawimbi pale skrini ilipoonyesha jina la chama kimoja lenye herufi yenye alama juu yake. Siri ya kura ilikuwa ikivujishwa na alama ya matamshi. Uholanzi ikarudi kwenye karatasi na penseli nyekundu. Ireland ilikuwa imenunua mashine za jamii hiyohiyo kwa zaidi ya euro milioni 50, ikazitunza ghalani kwa miaka, na mwaka 2012 ikaziuza kama vyuma chakavu kwa takriban euro 70,000.

Ujerumani ilikwenda mahakamani. Tarehe 3 Machi 2009 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba matumizi ya mashine hizo katika uchaguzi wa bunge wa 2005 yalikiuka katiba. Mahakama haikusema kwamba kura ziliibwa. Ilisema kwamba raia lazima aweze kukagua hatua muhimu za uchaguzi bila kuwa na utaalamu maalumu. Ni uamuzi mzito kuliko unavyoonekana, kwa sababu unamwondolea mtaalamu cheo cha shahidi pekee. Mama muuza samaki anayeweza kuhesabu karatasi zilizopangwa mezani ana haki sawa na mhandisi ya kusema matokeo ni sahihi au si sahihi.

Katika Afrika Mashariki, nchi iliyolipitia somo hili kwa kina kuliko zote ni Kenya. Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 ulihesabiwa kwa mkono, matokeo yakasafiri kwa simu na karatasi zilizochelewa, na vurugu zilizofuata ziliua watu zaidi ya 1,100. Tume iliyoongozwa na jaji wa Afrika Kusini, Johann Kriegler, iliona mwaka 2008 kwamba hesabu zilikuwa zimevurugika kiasi cha kutowezekana kumjua mshindi wa kweli. Miongoni mwa mapendekezo yake ni teknolojia katika uandikishaji na utumaji wa matokeo. Hapo ndipo dhana ya kwamba mashine haina kabila ilipopata mvuto, na si vigumu kuelewa kwa nini.

Mashine zilifika Machi 2013, na zikaanguka. Vifaa vya kutambua wapiga kura kwa alama za vidole viliishiwa betri katika vituo vingi, vingine vikiwa katika madarasa yasiyo na umeme, na makarani wakarudi kwenye daftari la karatasi. Kwenye runinga, kura zilizokataliwa zilipanda hadi zaidi ya 300,000, na taifa likaanza kubishana kama ziingizwe katika kupiga asilimia au la. Baadaye tume ya uchaguzi, IEBC, ilieleza kwamba programu ilikuwa ikizizidisha kura hizo mara nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa takriban 109,000. Utumaji wa kielektroniki ulikatizwa, maafisa wakasafiri na fomu zao hadi Nairobi, na mshindi akapatikana kwa asilimia 50.07. Kosa la kuzidisha kwa nane lingeweza kuwa msiba, lakini lilionekana kwa sababu fomu za karatasi zilikuwepo.

Hatua kubwa zaidi kabla ya uchaguzi uliofuata ilikuwa ya kisheria. Juni 2017, katika kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba matokeo yanayotangazwa jimboni hayawezi kubadilishwa na tume ikiwa Nairobi. Fomu 34A, karatasi moja inayojazwa kituoni mbele ya mawakala wa vyama na kutiwa saini, ikawa ndiyo mizizi. Fomu 34B ya jimbo na 34C ya taifa ni kujumlisha tu.

Halafu ikaja Agosti 2017. Mwishoni mwa Julai, siku chache kabla ya kura, Chris Msando, aliyesimamia teknolojia katika IEBC, alikutwa ameuawa. Usiku wa tarehe 8 Agosti namba zilianza kumiminika kwenye skrini haraka sana, ila fomu zilizopaswa kuzithibitisha zilichelewa. Mshindi alitangazwa tarehe 11 huku fomu 34A za maelfu ya vituo zikiwa hazijapokewa. Upinzani ulidai seva zimedukuliwa. Mahakama ya Juu ikaamuru zifunguliwe zikaguliwe, tume haikutekeleza amri kikamilifu, na tarehe 1 Septemba majaji wanne dhidi ya wawili wakabatilisha uchaguzi wa rais, jambo ambalo hakuna mahakama ya Afrika iliyokuwa imelifanya. Majaji hawakuhitaji kuthibitisha udukuzi. Aliyekataa kufungua mlango, walisema kwa lugha yao, amejitakia kushukiwa.

Jibu la 2022 lilikuwa rahisi kiasi cha kushangaza, na wahandisi wengi watalisifu kuliko mtambo wowote wa mamilioni: picha. Katika vituo zaidi ya 46,000 karani aliipiga fomu 34A picha kwa kifaa cha kituo, ikatumwa, na IEBC ikaiweka kwenye tovuti ambayo yeyote aliweza kuifungua. Vyombo vya habari vilianza kujumlisha vyenyewe, kila kimoja kikichukua fomu kwa mpangilio wake, hivyo kwa siku mbili nchi ilikuwa na washindi tofauti kulingana na stesheni anayotazama mtu. Vurugu ile ilikuwa dalili njema: namba hazikuwa na mmiliki mmoja. Tofauti ya mwisho ilikuwa kura 233,211, makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo, na kesi ikafika tena mahakamani. Safari hii fomu za karatasi zililinganishwa na picha za tovutini, haikuonekana tofauti ya maana, na tarehe 5 Septemba majaji wote saba wakayakubali matokeo.

Karatasi peke yake, hata hivyo, haiokoi mtu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipiga kura tarehe 30 Desemba 2018 kwa mashine zaidi ya 100,000 zilizotoka Korea Kusini. Kwa muundo hazikuwa mbaya, maana zilichapa chaguo kwenye karatasi iliyoingia sandukuni. Lakini tume haikutangaza matokeo ya kila kituo, ila majumla, hivyo waangalizi wapatao 40,000 wa maaskofu Wakatoliki walibaki na hesabu zao bila kitu rasmi cha kuzilinganisha nacho. Beni na Butembo, upande wa mashariki, hazikupiga kura siku hiyo kwa sababu zilizotajwa za Ebola na usalama. Wakazi wa Beni wakajipangia foleni na kupiga kura yao ya mfano. Nchini Malawi silaha ilikuwa ya bei ndogo kuliko udukuzi wowote: wino mweupe wa kufutia, uliopakwa kwenye fomu za matokeo za Mei 2019. Februari 2020 mahakama ilibatilisha uchaguzi ule, na Juni ukarudiwa.

Anayetetea kura ya mtandaoni hutaja Estonia, na ni haki kuitaja. Ilianza mwaka 2005, na katika uchaguzi wa bunge wa 2023 zaidi ya nusu ya wapiga kura walitumia intaneti. Mtu aliyeshurutishwa anaweza kupiga tena baadaye, na kura ya mwisho ndiyo inayohesabiwa. Lakini mfumo huo unasimama juu ya kitambulisho chenye chipu alichonacho karibu kila raia, kinachotumika benki, hospitali na ofisini. Mwaka 2017 kasoro iligunduliwa ndani ya chipu hiyo, na vyeti vya kielektroniki vya kadi zipatazo 760,000 vikasitishwa hadi visasishwe. Nchi ndogo yenye serikali inayoaminiwa iliweza kulibeba hilo. Nchi ambayo daftari la wapiga kura lenyewe linabishaniwa isingeweza.

Njia ambayo wataalamu wengi wanaipendekeza leo inaiacha mashine ihesabu, kisha inaionja. Philip Stark, mtakwimu wa California, alionyesha kwamba si lazima kuhesabu upya kura zote ili kujua kama mshindi ni wa kweli. Sampuli ya karatasi huchotwa kwa kubahatisha na kulinganishwa na matokeo ya mashine. Pengo la wagombea likiwa pana, karatasi mia chache zinatosha kwa jimbo zima. Likiwa finyu, sampuli inakua, na mwisho wake ni kuhesabu zote. Colorado nchini Marekani iliianza njia hii kwa jimbo lote mwaka 2017. Namba ya kuanzishia uchotaji haipatikani kwa kompyuta, ila kwa kurusha dadu 20 zenye nyuso kumi kila moja mbele ya watu.

Kuihamishia njia hiyo Kenya kungehitaji sheria kuguswa. Mlalamikaji ana siku saba za kufungua kesi na Mahakama ya Juu ina siku 14 za kuamua, muda ambao masanduku yametawanyika kutoka Lamu hadi Turkana. Mwaka 2022 mahakama iliruhusu masanduku ya vituo vichache yafunguliwe na kura zihesabiwe upya, lakini vituo hivyo vilitajwa na walalamikaji wenyewe, kila mmoja akionyesha mahali aliposhuku. Sampuli ya namna hiyo inaweza kuthibitisha au kufuta tuhuma za vituo vilivyotajwa. Kuhusu vituo vingine zaidi ya 46,000 haisemi lolote.