Neno la Siri: Nani Analikagua?



Wenzetu wa maofisini Nchelenge na Kashikishi wametuuliza: kwa nini kompyuta moja hukubali neno la siri hata mtandao ukikatika, na nyingine hukataa? Swali hili si la mafundi peke yao. Linahusu unga wetu.

Tuchukue mfano wa ziwani. Mlinzi wa ghala kisiwani Kilwa ana daftari lake la majina. Ukifika, anatazama daftari, anakufungulia. Hiyo ndiyo njia ya kwanza: kompyuta yenyewe inatunza alama ya neno lako la siri, nayo inaamua.

Katika njia ya pili mlinzi hana daftari. Anapokea neno lako, anauliza ofisi kuu ng'ambo ya maji, na hafungui mpaka ajibiwe. Yeye ni mpitishaji tu. Kampuni ya Microsoft inayo njia ya namna hii: mfanyakazi akiingia katika huduma zake za mbali, neno lake hukaguliwa na seva ya mwajiri, wala halitunzwi kwa Microsoft.

Kila njia ina faida na hasara yake. Ya kwanza haitegemei mtandao, lakini madaftari ni mengi. Aliyeacha kazi akisahauliwa katika kompyuta moja, mlango huo u wazi. Ya pili, akifungiwa ofisi kuu, amefungiwa kote. Lakini mtandao au seva ikilala, kazi nayo inalala.

Mwenzetu mmoja wa stoo aliwahi kushitakiwa kwa upungufu wa mali. Watu wanne walitumia jina moja na neno moja la siri, na kumbukumbu za kompyuta zilisema "stoo" tu. Tulimtetea, akarudi kazini.

Tusidanganyike: hata njia ya pili haiponyi ugonjwa huo. Ukimpa mwenzako neno lako, ofisi kuu itajibu kwamba ni wewe.

Kwa hiyo tudai mambo matatu. Kila mfanyakazi awe na jina lake. Anayeondoka afungiwe siku ileile. Na saa zinazopotea mtandao ukikatika zisikatwe katika mshahara, maana mfanyakazi alikuwapo, tayari kwa kazi.

Nasi tutimize wajibu wetu: neno la siri haliazimwi, hata kwa ndugu.

Umoja ni nguvu.